Bajeti ya Jiji na Sauti ya Mkazi Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mkazi wa jiji au manispaa nchini Uganda anayetaka mtaro, taa ya barabarani, choo cha soko au darasa viingie katika bajeti na vijengwe kweli. Majibu yanahusu majiji ya mikoani kama Arua, Jinja, Mbale, Gulu na Mbarara, pamoja na manispaa. Kampala ina utaratibu wake (swali la 19).

## Mambo ya msingi

1. Mwaka wa bajeti unaanza lini na kuisha lini?

Unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Ndiyo maana huandikwa kwa miaka miwili, mfano 2025/26. Ukiona mradi umeandikwa "robo ya kwanza", maana yake ni Julai hadi Septemba, si Januari hadi Machi. Kosa hili huwafanya watu wengi walalamike mapema mno, au wachelewe kabisa.

2. Nani hasa anaamua pesa za jiji zitumike wapi?

Kisheria, mwenye kupitisha bajeti ni halmashauri ya jiji, yaani madiwani wakiwa wameketi kikao. Meya na kamati yake ya utendaji huipeleka rasimu. Wataalamu, wakiwemo mpangaji wa jiji, mhandisi, mkuu wa fedha, afisa elimu na afisa maendeleo ya jamii, huketi katika kamati ya mipango na kuiandika. Karani wa jiji ndiye afisa masuuli: yeye hujibu kwa kila shilingi iliyotoka, na bila saini yake hakuna malipo.

Kwa hiyo ukimwambia diwani peke yake umefanya nusu ya kazi. Diwani anaweza kulitetea ombi lako kikaoni, lakini kama halimo katika orodha ya wataalamu, lenye kipimo na makadirio, hana cha kutetea. Ukimwambia mhandisi peke yake, naye hana kura.

Chini ya jiji kuna divisheni, chini yake wodi (LC2, yaani ngazi ya pili ya mabaraza ya mitaa), kisha seli (LC1, ngazi ya chini kabisa). Divisheni ina halmashauri na bajeti yake, jambo ambalo wakazi wengi hulisahau. Kazi ndogo ndogo, kama kuzibua mtaro au kukarabati choo cha soko, mara nyingi hupatikana haraka zaidi divisheni kuliko makao makuu ya jiji.

3. Pesa zenyewe zinatoka wapi?

Kuna mifuko mitatu. Wa kwanza ni ruzuku za serikali kuu. Kwa serikali za mitaa za Uganda kwa ujumla, zaidi ya shilingi 90 katika kila 100 hutoka huko. Nyingi ni ruzuku zenye masharti: za mishahara ya walimu, dawa, shule, barabara. Jiji haliwezi kuchukua pesa za mishahara ya walimu likajengea stendi ya boda boda hata wakazi wote wakikubali.

Mfuko wa pili ni mapato ya ndani: leseni za biashara, ushuru wa soko, ada za mabango, kodi ya hoteli, kodi ya majengo na kodi ya huduma za mitaa. Hiyo ya mwisho huanzia shilingi 5,000 na haizidi 100,000 kwa mwaka kwa mtu. Kodi ya majengo, kwa sheria ya mwaka 2005, haiwezi kuzidi asilimia 12 ya thamani iliyokadiriwa kwa ajili ya kutozwa, na nyumba ambayo mwenyewe anaishi ndani haitozwi. Katika majiji na manispaa divisheni ndiyo hukusanya. Hubaki na nusu na nusu huipeleka juu.

Wa tatu ni pesa za miradi ya wafadhili. Ule unaojulikana zaidi mijini ni USMID, mradi wa miundombinu ya miji wa Benki ya Dunia, ulioanza 2013 na manispaa 14. Barabara nyingi za lami zenye taa na mitaro ya zege katikati ya miji ya mikoani zilijengwa nao. Pesa za namna hii huja na orodha ya kazi zinazoruhusiwa.

4. Jiji letu lina bilioni nyingi kwenye karatasi. Kwa nini mtaro wa mita 60 unakosa pesa?

Kwa sababu sehemu ambayo jiji lina uhuru nayo ni ndogo. Toa mishahara, toa pesa za kuendesha shule na vituo vya afya, toa miradi iliyopangiwa kazi tayari. Kinachobaki ni mapato ya ndani na ile ruzuku ya maendeleo ya hiari ambayo kila ofisi huiita DDEG. Humo ndimo maombi ya seli zote hugombania nafasi.

Mapato ya ndani nayo yana walaji wake: mafuta ya magari ya takataka, umeme wa taa za barabarani, posho za madiwani. Sheria inazuia malipo ya madiwani yasizidi asilimia 20 ya mapato ya ndani yaliyokusanywa mwaka uliotangulia. Kikomo hicho kinapaswa kuulizwa waziwazi katika kongamano la bajeti, kwa heshima na kwa namba mkononi. Mkazi ana haki ya kujua kama kinafuatwa.

Kabla ya kudai kitu, uliza kwanza: "Kazi hii inaingia mfuko gani?" Swali hilo moja huwafanya maofisa waongee nawe tofauti.

## Kalenda: wakati wa kusema

5. Ni mwezi gani sauti yangu ina uzito?

Agosti hadi Oktoba. Huu ndio moyo wa ukurasa huu, na tungependa kila mwenyekiti wa LC1 aubandike mlangoni. Bajeti itakayoanza Julai ijayo huanza kuandikwa karibu miezi kumi kabla.

Katikati ya Septemba Wizara ya Fedha hutoa waraka wa kwanza wa bajeti wenye ukomo, yaani kiwango cha juu, wa kila ruzuku. Septemba na Oktoba kuna mikutano ya mashauriano ya kanda. Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba jiji huitisha kongamano la bajeti. Katikati ya Novemba waraka wa mwelekeo wa bajeti, ule unaoitwa BFP, hupelekwa wizarani, na wa taifa zima hufika Bungeni kabla ya mwisho wa Desemba. Februari hutoka waraka wa pili wenye ukomo mpya. Kufikia mwisho wa Machi rasimu huwekwa mbele ya halmashauri, Aprili na Mei kamati za madiwani huichambua, na kabla ya 31 Mei huwa imepitishwa.

Ombi lililofika wodi mwezi wa Septemba hupimwa na mhandisi kabla ya kongamano. Lililofika Machi huambiwa lisubiri mwaka mwingine, hata likiwa na haki kuliko yote.

6. Kongamano la bajeti ni nini, na lazima nialikwe?

Ni mkutano wa siku moja, mara nyingi katika ukumbi wa jiji, ambapo kila idara hueleza ilichofanya mwaka uliopita, inachofanya sasa na inachopanga. Barua za mwaliko huenda kwa madiwani, wenyeviti wa LC, viongozi wa dini, vyama vya wafanyabiashara, mashirika, vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Usipopata barua, nenda ofisi ya mpangaji wa jiji wiki mbili kabla uandikishwe kama mwakilishi wa kundi: chama cha wachuuzi, stendi ya boda boda, kikundi cha kuweka na kukopa. Kundi huandikishwa kwa urahisi kuliko mtu mmoja.

Ukifika, usingoje muda wa maswali ya jumla jioni, watu wakiwa wanaangalia chakula. Kazi halisi hufanyika kwenye vikundi vya sekta, pale panapokuwa na karatasi ya kuandikia vipaumbele. Kaa kwenye kikundi cha sekta yako, hakikisha ombi limeandikwa pamoja na jina la seli, kisha piga picha karatasi hiyo. Maneno yaliyosemwa kwa kipaza sauti bila kuandikwa hayafiki kwenye kompyuta ya mpangaji.

7. Nimesikia bajeti ikisomwa Juni redioni. Bado naweza kuongeza kitu?

Hapana. Inayosomwa Juni imekwisha kupitishwa. Hata hivyo Juni ni mwezi mzuri wa kazi nyingine: kuchukua nakala ya kilichopitishwa, kutafuta seli yako ndani yake, na kuanza kufuatilia (swali la 12).

Kati ya Aprili na Mei kuna mlango mdogo uliobaki. Kamati ya kudumu ya halmashauri inaweza kuhamisha pesa kutoka kazi moja kwenda nyingine ndani ya sekta na ukomo uleule. Mwandikie spika wa halmashauri, nakala kwa karani wa jiji na kwa diwani wako, ukitaja kazi unayoomba na mahali unapodhani pesa inaweza kutoka. Bajeti ya serikali ya mitaa lazima ilingane. Ukitaka kuongeza upande mmoja, onyesha upande utakaopungua.

## Kuandika ombi lisilotupwa

8. Naanzia wapi?

Kwenye mkutano wa seli. Kisheria, halmashauri ya kijiji au seli ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, si wale watu kumi wa kamati tu. Mwombe mwenyekiti wa LC1 aitishe kikao, chagueni vipaumbele vitatu na si kumi na vitano, mwandishi aandike muhtasari wenye tarehe na orodha ya waliohudhuria, kisha upigwe muhuri. Muhtasari huo hupelekwa wodi, ambako chifu wa parishi au ajenti wa mji huunganisha maombi ya seli zote, kisha divisheni.

Seli inayopeleka mambo kumi na tano humwachia ofisa wa juu achague. Huchagua lililo rahisi kwake.

9. Ombi zuri linaonekanaje?

Mfano wa kalvati, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, kwa sababu ndiyo kazi inayoombwa sana:

> Seli ya ___, wodi ya ___, divisheni ya ___. Maji ya mvua yanakata barabara kati ya soko na kituo cha afya. Tunaomba kalvati moja ya mabomba ya zege ya kipenyo cha milimita 900, mstari wa mita 8, yenye kuta za zege pande zote mbili, na mtaro wa mita 60 wa kupeleka maji hadi kijitoni. Ardhi: hifadhi ya barabara, hakuna wa kulipwa fidia. Utunzaji: seli itazoa mchanga na kavera (mifuko ya plastiki) mtaroni kila mwezi. Limeamuliwa mkutanoni tarehe ___, waliohudhuria ___. Kaya zinazotumia njia hiyo: ___.

Tazama kila kipande kinavyofanya kazi. "Kati ya soko na kituo cha afya" humwezesha mhandisi kufika bila kuuliza. Kipenyo ni pendekezo tu, atakibadilisha akishapima wingi wa maji, lakini kinaonyesha mnajua mnachosema. Chini ya milimita 600 bomba huziba kwa kavera na halizibuki kwa mkono. Mabomba mengi ni ya urefu wa mita moja. Barabara ya upana wa mita 6 huhitaji vipande saba au vinane, maana lazima bomba litokeze nje ya kingo.

Kuta za mwisho zikiachwa, maji hula udongo nyuma ya bomba na barabara huporomoka katika mvua ya kwanza. Mtaro wa kutolea maji ukiachwa, mmehamishia mafuriko kwa jirani, naye atakuja na barua ya mwanasheria. Vitu hivi viwili ndivyo vinavyokatwa kwanza pesa ikipungua, kwa hiyo viandikeni ndani ya ombi lenyewe.

Usiandike bei. Mhandisi ana bei zake za mwaka huo, na ukikosea ombi zima huonekana la kubahatisha.

10. Ardhi ya mradi ni ya mtu binafsi. Tufanye nini?

Malizeni jambo hilo kabla ya Oktoba. Jiji huwa halina fungu la kulipa fidia kwa kazi ndogo, na mradi uliopangwa bila ardhi hukwama mkandarasi akishafika. Mwenye ardhi akikubali kutoa, andikeni makubaliano: jina lake, mwenzi wake wa ndoa ameridhia, mipaka imepimwa kwa hatua na alama zinazoonekana, mashahidi wametia saini, muhuri wa LC1 upo. Ahadi ya mdomo hufa pamoja na aliyeitoa, na warithi hawaitambui.

Kama ni hifadhi ya barabara iliyojengewa vibanda, semeni ukweli katika ombi. Mhandisi akigundua mwenyewe, atawaweka mwisho wa orodha.

11. Ombi letu hupelekwa kila mwaka na halipiti. Kwa nini?

Mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi. Halimo katika mpango wa maendeleo wa miaka mitano wa jiji, na bajeti lazima ifuate mpango huo. Majiji sasa yanafuata mipango ya 2025/26 hadi 2029/30, inayoendana na Mpango wa Nne wa Maendeleo ya Taifa. Nenda ofisi ya mpangaji uulize ukurasa gani unalibeba. Au limeombwa mfuko usio wake (swali la 3). Au linaongeza gharama ya kila mwaka isiyo na mlipaji: taa zinahitaji umeme na balbu, zahanati inahitaji wauguzi, na wauguzi huajiriwa kwa ukomo wa mishahara unaotoka juu.

Lakini kuna sababu moja ya kawaida zaidi: si la jiji. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, iliyochukua kazi za UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, mamlaka hiyo ilipovunjwa. Mabomba ya maji katika miji mikubwa ni ya Shirika la Taifa la Maji, NWSC. Nguzo na transfoma za umeme mitaani zinasimamiwa na UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, tangu Aprili 2025. Madarasa ya shule za msingi za serikali, soko la jiji, mitaro ya barabara za jiji, takataka na vituo vya afya vya ngazi ya chini ni vya jiji au divisheni. Ombi lililopelekwa kusiko hukaa kwenye faili bila kujibiwa, na mwenye ombi hudhani amedharauliwa.

## Kufuatilia pesa

12. Nitaipata wapi bajeti yenyewe?

Tovuti ya bajeti ya Wizara ya Fedha, budget.finance.go.ug, ina bajeti na ripoti za serikali za mitaa. Kwenye ubao wa matangazo wa jiji na divisheni hubandikwa pesa zilizopokelewa kila robo mwaka na matangazo ya zabuni. Ofisi ya mpangaji ina mpango kazi wa mwaka, ambao ndio unaomfaa mkazi kuliko kitabu chote cha bajeti.

Ukinyimwa, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005. Andika barua kwa karani wa jiji, taja waraka kwa jina na mwaka ("mpango wa ununuzi wa 2025/26, idara ya kazi"), peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Jiji lina siku 21 za kujibu. Ukimya ukipita siku hizo huhesabiwa kuwa umekataliwa, na unaweza kulalamika kwa Hakimu Mkuu. Haki hii ni ya raia. Asiye raia asome swali la 17.

13. Kitabu kina kurasa mamia. Nisome wapi kwanza?

Usianzie mwanzo. Tafuta jedwali la miradi ya maendeleo, kisha jina la divisheni na wodi yako. Andika mambo manne: jina la kazi, mahali, kiasi, mfuko. Halafu fungua mpango wa ununuzi wa mwaka uleule utafute kazi hiyohiyo. Kama imo kwenye bajeti lakini haimo kwenye mpango wa ununuzi, haitajengwa mwaka huo, na unayo miezi ya mwanzo tu ya kupiga kelele.

Jihadhari na majina mapana kama "ukarabati wa barabara mbalimbali". Uliza kwa barua ni barabara zipi na mita ngapi. Katika maneno hayo mapana ndimo seli zisizo na mtetezi hupotelea.

14. Pesa zimetoka lakini kazi haionekani. Nianzie kwa nani?

Anza chini, kwa maandishi. Kwanza mhandisi au afisa wa sekta: mkataba umesainiwa lini, mkandarasi nani, kazi inaisha lini. Kisha diwani, aulize kikaoni. Halmashauri lazima ikutane angalau mara moja kila miezi miwili, kwa hiyo jibu halipaswi kuchukua nusu mwaka. Kisha ofisi ya Kamishna Mkazi wa Jiji, ambayo hufuatilia miradi ya serikali. Mabaraza ya wananchi yaliyoanzishwa na Ofisi ya Waziri Mkuu mwaka 2009 ni nafasi nyingine: maofisa huwajibu wakazi hadharani. Ukiona dalili za wizi wenyewe, peleka ushahidi kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali, IGG.

Kila mwaka, mwishoni mwa Desemba, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti ya mwaka wa fedha uliokwisha Juni. Kamati ya hesabu za umma ya serikali ya mitaa ndiyo huzichambua ripoti hizo. Tafuta ya jiji lako. Mara nyingi jibu la swali lako limo humo tayari, na ukilitaja kwa ukurasa hakuna atakayekuita mchochezi.

15. Kazi imefanywa ovyo. Tuna nafasi gani?

Kubwa, kama mtasema mapema. Kila mkataba wa ujenzi una kipindi cha dhamana, na sehemu ya malipo huzuiwa mpaka kiishe. Katika kipindi hicho mkandarasi hurudi kurekebisha kwa gharama yake. Kikishapita, marekebisho ni bajeti mpya.

Chukueni picha zenye tarehe: ufa kwenye ukuta wa kalvati, changarawe isiyoshindiliwa, mtaro usio na mteremko ambamo maji yamesimama. Pimeni. Bango la mradi likisema mita 400 na barabara ina 310, andikeni 310 na mlipoanzia kupima. Kipimo cha futi ya fundi mbele ya mwenyekiti wa LC1 kina nguvu kuliko malalamiko ya watu mia.

16. Tumeambiwa pesa "zimerudi". Zimerudi wapi?

Mfuko Mkuu wa Hazina. Pesa ambazo hazijatumika kufikia 30 Juni hurudi huko. Hutokea zabuni ikitangazwa kwa kuchelewa, wazabuni wakigombana na kukata rufaa, au ardhi ikiwa na mgogoro (swali la 10). Dalili ya hatari ni kufika Januari bila mkataba kusainiwa, maana mvua za Machi hadi Mei huzuia kazi za barabara na muda huisha. Ulizeni Oktoba, ulizeni tena Januari. Kuuliza Juni ni kuhudhuria matanga.

## Hali zisizo za kawaida

17. Mimi ni mpangaji wa nyumba, au si raia wa Uganda. Nina nafasi?

Mpangaji ni mkazi kama mwenye nyumba. Hakuna anayepaswa kumwambia akanyamaze kwa kuwa "hana plot". Asiye raia, kama wakimbizi na wafanyabiashara wengi wa Arua na Kampala, anaweza kuhudhuria mikutano ya wazi, kusoma ubao wa matangazo na kueleza shida ya mtaa kupitia chama cha soko au kikundi. Barua rasmi ya kuomba nyaraka iandikwe na raia wa kikundi hicho.

18. Naweza kuongea Kiswahili?

Nyaraka huandikwa kwa Kiingereza, na mikutano ya chini hufanyika kwa lugha za wenyeji. Kiswahili kimo katika Katiba kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 serikali iliamua kukipa nguvu zaidi. Kwa vitendo, mwambie afisa maendeleo ya jamii siku chache kabla kwamba kikundi chenu kitazungumza Kiswahili. Hali kadhalika kwa mkalimani wa lugha ya alama. Ukiomba palepale ukumbini utaambiwa hakuna muda. Ombi lenyewe liandikwe kwa Kiingereza chepesi, na muhtasari wa seli ubaki katika lugha mliyoongea.

19. Kampala inatofautianaje?

Kampala huendeshwa na KCCA kwa sheria ya mwaka 2010. Afisa masuuli ni Mkurugenzi Mtendaji, na kuna waziri wa Kampala. Divisheni ni tano: Kati, Kawempe, Lubaga, Makindye na Nakawa. Anza na mkutano wa divisheni yako. Mengine yote kuhusu kuandika ombi (swali la 9) ni yaleyale.

20. Pesa za PDM (Mpango wa Maendeleo ya Parishi) zinaweza kujenga barabara yetu?

Hapana. Shilingi milioni 100 zinazotengewa kila parishi kwa mwaka ni mtaji wa kaya kupitia SACCO ya parishi, hadi milioni moja kwa kaya, na ni mkopo wa kurudishwa. Kiongozi anayewaambia seli ichangie PDM kwenye barabara anawapoteza. Kinachosaidia ni takwimu za kaya zilizokusanywa kwa ajili ya mpango huo: ziko kwa chifu wa parishi, na zinajaza lile pengo la "kaya ___" katika ombi lenu.

21. Mafuriko yamevunja daraja mwezi wa Novemba. Tusubiri Julai?

Msisubiri. Siku hiyohiyo mwenyekiti wa LC1 aandike taarifa kwa divisheni na karani wa jiji, yenye picha, idadi ya kaya zilizokatwa na njia mbadala kama ipo. Jiji linaweza kuhamisha kazi ya matengenezo ya robo hiyo, kupeleka bajeti ya nyongeza kwenye halmashauri, au kuiandikia idara ya maafa katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Ya kwanza ndiyo ya haraka, kwa hiyo itajeni kwa jina: ombeni grida (mashine ya kusawazisha barabara) na changarawe zilizopangwa robo hii zielekezwe hapo. Wakati huohuo wekeni daraja la kudumu kwenye orodha ya seli ya mwaka ujao, kwa sababu kivuko cha muda kikishapitika ofisi huhesabu kuwa tatizo limekwisha.